Kadi ya Bima Baada ya Kustaafu: Nani Anabaki, Nani Anatoka?

Mwezi huu hatutaeleza ugonjwa. Tutaeleza kadi. Tunajua wapo watakaosema kwamba ukurasa wa afya si mahali pa kuzungumzia makaratasi, lakini sisi tunaoshinda wodini tumekwisha kuona kuwa kwa mzee aliyestaafu kadi ndiyo dawa ya kwanza. Akiwa nayo huja hospitali siku ya pili ya kuumwa, kwa miguu yake. Asipokuwa nayo hujitibu kwanza nyumbani kwa vidonge vya dukani, akaja wiki ya tatu, amebebwa.

Siku moja tulimpokea bibi wa miaka zaidi ya themanini, ameteleza uani na kuvunjika mfupa wa paja karibu kabisa na nyonga. Aliletwa na mwanawe, mwalimu wa shule ya msingi aliyekuwa amestaafu miezi minne tu kabla ya hapo. Mwalimu alikuja bila wasiwasi wa fedha. Mfukoni alikuwa na kadi mbili za bima, ya kwake na ya mama yake, zile zile walizozitumia kwa miaka. Kijana wa dirisha la bima akamwamkia, akazichukua, akaangalia. Ya mwalimu ilikubali. Ya mama haikukubali.

"Mwalimu, Bibi alikuwa tegemezi wako ulipokuwa kazini," akamwambia kwa sauti ya chini. "Ulipostaafu mmebaki wewe na Mama wa nyumbani."

Mwalimu alikaa kwenye benchi muda mrefu bila kusema neno. Mfupa wa mahali pale, kwa mtu wa umri ule, huhitaji upasuaji wa daktari wa mifupa, nasi hatuna daktari huyo. Ilibidi bibi apelekwe mbele. Kiinua mgongo kilikuwa kimekwisha kuingia kwenye bati na madirisha ya nyumba. Kwa siku kumi na moja tulimlaza bibi mguu ukiwa umevutwa kwa uzito huku ndugu wakitafuta fedha, na siku kumi na moja kitandani kwa mzee ni nyingi mno: mgongo huanza kuchubuka, mapafu hujaa, damu huweza kuganda miguuni. Tulimgeuza kila baada ya saa mbili, usiku na mchana, na bado kidonda kilimtoka kiunoni. Hatimaye alifanyiwa upasuaji, na leo anatembea kwa kushikilia kigari cha kutembelea, lakini kidonda kile kilichukua miezi kupona kuliko mfupa wenyewe.

Lililotuuma zaidi tulilijua baadaye. Bibi huyo ana binti mdogo, mtumishi wa serikali huko Tanga mjini, ambaye kadi yake ilikuwa bado na nafasi mbili wazi. Mama angeweza kuhamishiwa huko kabla kaka hajastaafu. Hakuna aliyefikiri, kwa sababu hakuna aliyewaambia. Ndiyo sababu tumeshika kalamu.

Aliyekuwa mchangiaji wa Mfuko wa Taifa

Mfuko wa Taifa wa Bima ya Afya uliundwa kwa sheria ya mwaka 1999 na kuanza kazi mwaka 2001, kwanza kwa watumishi wa serikali kuu, baadaye watumishi wengine na wananchi wengine wakaongezwa. Mtumishi hukatwa asilimia 3 ya mshahara na mwajiri huongeza asilimia 3. Kwa mchango huo hutibiwa yeye, mume au mke wake, na wategemezi wengine wasiozidi wanne, yaani watoto ambao hawajavuka umri unaokubaliwa, na wazazi wa pande zote mbili, wakwe wakiwemo. Jumla watu sita.

Mtumishi anapostaafu, makato yanakoma, lakini yeye na mwenzi wake wanaendelea kutibiwa. Hilo ni jambo kubwa, tusilipite haraka. Mtu anaacha kulipa katika umri ule ule anapoanza kuihitaji hospitali kuliko wakati wowote wa maisha yake. Wazee tunaowaona hapa huja na shinikizo la damu, kisukari, mtoto wa jicho, magoti, na kwa wanaume tezi dume. Hakuna hata moja kati ya hayo linalokwisha kwa kuja hospitali mara moja. Shinikizo na kisukari ni vidonge vya kila siku mpaka mwisho wa maisha, na vipimo kila baada ya muda.

Chukueni mfano wa tezi dume. Mzee anaziba mkojo usiku, anakuja analia. Tunamwekea mpira, mkojo unatoka, anapata nafuu, anatushukuru na kutuombea baraka zote. Lakini mpira si tiba. Tiba ni upasuaji, au kwa baadhi yao ni dawa za muda mrefu. Mwenye kadi hupangiwa upasuaji. Asiye na kadi huenda nyumbani na mpira wake "akajipange", na tumewaona wazee wa Mombo na wa Handeni waliokaa na mpira miezi mingi, wakirudi kuubadilisha, kila mara na homa ya maambukizi. Mpira mmoja ni bei ndogo. Mipira ya mwaka mzima, nauli za basi, dawa za maambukizi na siku za kulazwa, vyote vikijumlishwa, hukaribia au hata kupita gharama ya upasuaji.

Sasa wale wanne wa ziada ndio wanaotoka. Watoto ambao bado wako shule, mama mzazi, baba mkwe: kadi zao zilisimama juu ya ajira yako, na ajira ikiisha hazina pa kusimama. Wengi wetu tunachelewa kuzaa au tunalea watoto wa ndugu, kwa hiyo mtu wa miaka 60 mwenye mtoto wa kidato cha pili si ajabu hata kidogo hapa kwetu. Huyo kidato cha pili anahitaji kadi nyingine siku ile ile baba yake anapopewa barua ya kustaafu.

Kwa waliofanya kazi katika taasisi za dini, kampuni au mashamba, tusidhani kwamba hali ni moja kwa wote kwa kuwa tu kadi zinafanana. Kama mwajiri wako alikuwa akikuchangia katika Mfuko huo, nenda ofisi ya Mfuko ukiwa bado kazini, uulize kama michango yako inakupa haki ya mstaafu, na uombe jibu kwa maandishi. Sisi wauguzi tumejifunza hili kwa aibu. Mmoja wetu, mwenye miaka 56, alikwenda kuangalia kumbukumbu zake akidhani ni kazi ya dakika tano, akakuta miezi saba ya mwajiri wake wa zamani haionekani popote, ingawa katika hati zake za mshahara makato yapo. Kwa bahati alikuwa amezitunza hati zile kwenye bati la biskuti chini ya kitanda. Zilimwokoa. Tangu siku hiyo wodi nzima tuna mabati ya biskuti.

Makaratasi, tena makaratasi

Kadi ya mtumishi haigeuki yenyewe kuwa kadi ya mstaafu. Unatakiwa kwenda kuomba, na hapo ndipo wengi hukwama, si kwa sababu hawana haki bali kwa sababu majina hayafanani. Kwenye cheti cha ubatizo ni Yohana, kwenye mshahara ni John, kwenye kitambulisho cha Taifa limeingia jina la babu badala la baba. Ulipokuwa kazini hakuna aliyejali. Sasa kila ofisi inalinganisha herufi kwa herufi. Kulisahihisha jina huchukua muda, huenda ukahitaji kiapo mbele ya hakimu au wakili, na muda huo ni bora upite ukiwa bado una mshahara na kadi inayofanya kazi. Tunashauri mtu aanze angalau mwaka mmoja kabla.

Jambo la pili ni cheti cha ndoa. Mwenzi anabaki kwenye kadi kwa kuwa ni mwenzi, nawe unapaswa kuthibitisha hivyo. Tunao katika parokia wazee walioishi pamoja miaka arobaini, wamefunga ndoa yao kanisani, na cheti kimeliwa na mchwa au kilipotea walipohama kutoka kambi ya mkonge. Habari njema ni kwamba ndoa za kanisani huandikwa katika kitabu cha parokia ilikofungwa. Nendeni kwa katibu wa parokia mkiwa na mwaka wa ndoa na majina ya wasimamizi kama mnayakumbuka. Msimpelekee ombi hilo siku ya Jumapili baada ya Misa ya pili, wakati watu hamsini wamemzunguka.

Walioishi pamoja bila ndoa yoyote iliyoandikwa wana kazi kubwa zaidi, na mama ndiye anayeumia. Mume akistaafu, mama huyo ambaye amempikia na kumfulia miaka yote hana karatasi ya kuonyesha dirishani. Tumemwona mama wa namna hiyo akilipa fedha taslimu huku mumewe, kitanda cha jirani, anatibiwa kwa bima. Hatusemi zaidi.

Mkienda ofisini na barua ya kustaafu, kitambulisho cha Taifa, cheti cha ndoa na picha, ulizeni pia maswali haya ambayo watu husahau. Kadi mpya itaanza kutumika tarehe ngapi, na ya zamani itakoma tarehe ngapi? Katikati ya tarehe hizo mbili, nikiugua nifanye nini? Na nikifariki mimi, mwenzangu ataendelea vipi? Swali hili la mwisho wanaume hawapendi kuliuliza mbele ya wake zao. Basi akina mama waulize wenyewe.

Kikao cha familia

Tukirudi kwa yule bibi. Kwa kuwa mtumishi aliye kazini anaweza kuwaandikisha wazazi wake, mzee ambaye hakuwahi kuajiriwa anaweza kuwa na kadi nzuri kuliko jirani yake aliyeajiriwa miaka thelathini. Inategemea mtoto wake yuko wapi. Lakini nafasi ni nne, na hapo ndipo maneno huanza nyumbani. Kijana ana watoto watatu. Imebaki moja. Mama yake mzazi yupo Kilole, mama wa mkewe yupo Lushoto. Nani aingie? Tumeshuhudia ndugu wakinuniana mwaka mzima kwa swali hilo.

Ushauri wetu ni kwamba jambo hili lisiamuliwe na kijana na mkewe peke yao usiku, wala mama asilisikie kwa majirani. Likae kwenye kikao cha familia, mbele ya watoto wote walioajiriwa, na kila mmoja aseme kadi yake ina nafasi ngapi. Mara nyingi nafasi zipo, ila zimelala: mmoja ana moja, mwingine ana mbili. Baba akaingia kwa mkubwa, mama kwa mdogo, na mama mkwe akapata ile iliyobaki. Katika kugawa, anayeugua ugonjwa wa kudumu au mwenye umri mkubwa atangulie. Mtoto mdogo mwenye afya ni rahisi kumtafutia njia nyingine kuliko bibi mwenye kisukari.

Na muandike mahali fulani kila mtoto huyo atastaafu mwaka gani. Mtoto mkubwa wa mzee wa miaka 85 mara nyingi yeye mwenyewe ana miaka 58. Kadi ya baba inaisha pamoja na ajira ya mwana. Mhamisheni baba mapema, aende kwa mdogo, maana kubadilisha wategemezi nako kuna utaratibu wake.

Mkulima na mfanyakazi wa shamba

Wengi wa wasomaji wetu hawakupata barua ya kustaafu. Mkulima wa mahindi wa Handeni hastaafu, huzeeka tu. Waliokata mkonge Magunga, Ngombezi au Hale walipewa mafao yao na kurudi kwenye mashamba yao. Hao nao wamekuwa na njia zao, na yafaa wazijue historia yake kwa kifupi, kwa sababu majina yamebadilika mara nyingi na watu wanachanganyikiwa.

Mfuko wa Afya ya Jamii, ambao wengi tunauita CHF, ulianza kwa majaribio Igunga, mkoani Tabora, mwaka 1996, na ukapata sheria yake mwaka 2001. Wakati huo kila wilaya ilikuwa na mfuko wake, na kadi ya Korogwe haikuwa na maana ukivuka kwenda wilaya nyingine. Mwaka 2018 ukaja ule ulioboreshwa: kaya ya watu wasiozidi sita, mikoani, ilichangia shilingi 30,000 kwa mwaka, serikali nayo ikaongeza kiasi kama hicho, na huduma zikapanda kutoka zahanati, kituo cha afya na hospitali ya wilaya hadi hospitali ya mkoa. Kwetu maana yake ilikuwa unaanzia zahanati ya kijiji, unaandikiwa rufaa kwenda Magunga, na ikibidi Bombo. Haikufika KCMC wala Muhimbili. Shilingi 30,000 kwa mwaka ni pungufu ya shilingi 85 kwa siku kwa nyumba nzima, na bado tulikuwa na wazee waliosema hawawezi, kisha wakauza mbuzi kulipia mjukuu mmoja aliyelazwa kwa malaria kali.

Mwishoni mwa mwaka 2023 ilipitishwa Sheria ya Bima ya Afya kwa Wote. Bunge liliipitisha mwezi Novemba mwaka huo. Sheria hiyo inamtaka kila mkazi awe na bima, na inaweka mfuko wa kuwalipia wasio na uwezo, unaopata fedha zake kwa sehemu kutoka katika tozo za vinywaji baridi, pombe, vipodozi na michezo ya kubahatisha. Utekelezaji wake unakwenda kwa hatua, viwango na vitita vinatangazwa na serikali, kwa hiyo msiende na bei ya mwaka jana kichwani. Mtendaji wa kijiji au mtaa na mganga mfawidhi wa zahanati yenu ndio wa kuwauliza. Msimwulize mtu wa bodaboda, na tafadhali msimpe mtu fedha ya bima njiani bila risiti.

Anayeweza kulipa zaidi aliwekewa pia njia ya mtu binafsi katika Mfuko wa Taifa. Novemba 2019 vilikuja vifurushi vitatu, Najali Afya, Wekeza Afya na Timiza Afya, mchango ukitegemea umri na idadi ya watu, na baadaye vikaja vingine vyenye majina mengine. Faida ya njia hii ni kufika hospitali kubwa. Udhaifu wake kwa mstaafu ni kwamba kadiri umri unavyokuwa mkubwa ndivyo mchango unavyokuwa mkubwa. Kabla ya kusaini, someni kwa makini kifurushi hakilipii nini. Tumempokea mtu mwenye kadi mpya, anang'ara, akakuta upasuaji alioujia haumo katika kifurushi chake.

Je, mzee si anatibiwa bure?

Hili tunaulizwa kila wiki, na jibu letu huwakasirisha baadhi ya watu. Sera ya Taifa ya Wazee ya mwaka 2003 inamtambua mwenye miaka 60 na zaidi, na serikali imeagiza wazee wasio na uwezo watibiwe bila malipo katika vituo vyake. Halmashauri hutoa vitambulisho, na katika hospitali nyingi za serikali lipo dirisha la wazee. Hiyo ni haki. Mzee mwenye sifa hizo aitafute kwa mtendaji wake na kwa afisa ustawi wa jamii, asione haya.

Lakini kitambulisho cha msamaha si bima. Kwanza, ni cha vituo vya serikali. Hospitali ya misheni kama yetu hulipwa na mgonjwa au na bima yake, isipokuwa pale ambapo kuna mkataba na halmashauri kwa huduma fulani. Wazee hukasirika wanaposikia hivyo, wanasema "Kanisa nalo linauza dawa". Tunaelewa hasira yao. Dawa hizo nasi tunazinunua. Pili, msamaha unakufungulia mlango wa daktari, hauweki dawa kwenye rafu. Dawa ya shinikizo ikiwa imekwisha kituoni, mzee wa msamaha anaandikiwa akanunue. Mwenye kadi ya Mfuko wa Taifa anaweza kwenda kuichukua katika duka la dawa lililosajiliwa na Mfuko. Tofauti hiyo inaonekana ndogo mpaka mwezi ule dawa zinapokwisha, mzee akaruka wiki mbili, kisha akaletwa kwetu upande mmoja wa mwili umepooza.

Kwa hiyo mwenye uwezo wa kuwa na bima awe nayo, na kitambulisho cha mzee pia akichukue. Havigombani mfukoni.

Kabla ya kuchagua, angalia barabara

Watu huuliza "bima ipi ni bora?" Sisi hujibu kwa swali: ukiugua usiku, unakimbilia wapi? Kadi inayokubalika katika hospitali kubwa kumi za Dar es Salaam lakini haikubaliki katika kituo kilicho umbali wa bodaboda moja kutoka nyumbani kwako haikufai sana. Nenda pale unapotibiwa kwa kawaida, uliza dirishani kadi zipi wanapokea. Ukimaliza, uliza tena baada ya miezi, kwa sababu mikataba kati ya hospitali na bima hubadilika. Machi 2024, Mfuko wa Taifa ulipoanza kutumia kitita kipya cha bei, baadhi ya hospitali binafsi nchini zilisitisha kwa muda kuwahudumia wanachama wake, na wagonjwa wakajikuta wanahamishwa ghafla. Mwenye kliniki ya kila mwezi asitegemee kituo kimoja tu. Afunguliwe faili na mahali pa pili.

Fuateni pia ngazi za rufaa. Mtu anayeruka zahanati na hospitali ya wilaya na kwenda moja kwa moja hospitali kubwa hulipishwa au hurudishwa, kisha anasema bima ni ya uongo. Karatasi ya rufaa ina mhuri na tarehe. Itunzeni kama nauli.

Na walio wakulima, fedha ya bima itengwe wakati mazao yamo ndani. Baada ya mavuno ya masika kila nyumba ina gunia la kuuza. Ukingoja Februari, gunia limekwisha, ada za shule zimeshapita nalo, na kadi imekwisha muda wake bila mtu kuangalia. Andikeni tarehe ya mwisho wa kadi ukutani, karibu na kalenda ya jimbo.

Tunamalizia na barua mbili tulizoletewa. Mama wa Manundu anauliza: mume wangu ni mstaafu mwenye kadi, tunalea wajukuu wanne, je, niwaandikishe kwake? Hapana, Mama. Wajukuu hawaingii kwenye kadi ya mstaafu. Nenda kwa mtendaji wako uwatafutie bima ya kaya. Kama wazazi wao wameajiriwa huko mjini, watoto hao ni wategemezi wa wazazi wao hata kama wanalala kwako, na kadi zao ziletwe kwako, zisikae kwenye droo ya Dar es Salaam. Mzee wa Kilole naye anasema amebakiza miaka miwili kustaafu, ana afya njema, hajawahi kulazwa, aanze lini kushughulika? Mzee wetu, Jumatatu. Chukua kitambulisho chako cha Taifa na hati ya mshahara ya mwezi huu, viweke pamoja mezani, na uyasome majina yako yote matatu herufi kwa herufi.